Wali Kuku Elfu Tatu

Mwaka wa mwanachuo hauna masika wala kiangazi. Una bumu limesoma, yaani pesa ya mkopo imeingia, na bumu halijasoma. Anayetaka kuuza chochote jirani na hosteli za Dar es Salaam, iwe chipsi, sabuni au kusuka nywele, kwanza ajue leo ni msimu gani. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ya mnufaika wa Bodi ya Mikopo ni hadi shilingi 10,000 kwa siku. Ukisikia hivyo unaona mteja wa uhakika huyo hapo. Sasa pesa zenyewe hazitoki kila siku. Huja kwa mkupuo, na kwa mkupuo huohuo huondoka. Wiki ya kwanza kijana anaagiza nusu kuku na kumwita mhudumu kwa kidole. Wiki ya sita anauliza kwa sauti ya chini kama mchuzi unauzwa bila nyama.

Elimu hii niliipata nikiwa ofisa masoko wa mgahawa wa shemeji yangu, kazi ambayo mshahara wake ni sahani ya mchana na lawama za jioni.

Shemeji alianza na chai ya asubuhi kwa nusu bei. Supu inachemka tangu saa kumi na mbili, chapati zimejaa kwenye hotipoti, vipeperushi vimebandikwa mpaka kwenye nguzo za umeme. Waliokuja ni bodaboda na mlinzi anayetoka zamu ya usiku. Wanachuo walitokea saa tano, wakaagiza wali maharage wa kilima, wakamaliza jagi zima la maji, wakaaga. Hiyo ndiyo pasi ndefu: mlo mmoja unaopigwa katikati ili uhesabike chai na chakula cha mchana, na ukishindiliwa vizuri unafika mpaka usiku. Mtu wa namna hiyo humtangazii kifungua kinywa. Alishakifuta kwenye bajeti kabla hujawasha mkaa.

Tukaja na kadi. Kila ukila unagongewa mhuri, ukifikisha tisa sahani ya kumi ni bure. Kadi ya kwanza ilijaa kesho yake kabla ya magharibi. Aliyeileta ni kijana mwembamba, shati linamning'inia mabegani, na mihuri mitatu ilikuwa ya usiku mmoja. Shemeji akamtazama tumbo, akaitazama kadi, akarudi kwenye tumbo.

"Mwanangu, tisa zote umekula wewe?"

"Mama, kadi ni ya chumba."

Chumba chenyewe kwenye orodha ya hosteli ni cha watu wanne, ila wanaolala humo idadi yao anaijua Mungu. Watu wanaobebana kitanda kimoja washindwe kubebana kadi?

Baada ya kadi tukaagiza bango. Habari yake ni fupi: fundi alilichelewesha mpaka chuo kikafungwa, likasomwa na mbuzi wa jirani likizo nzima.

Ndipo shemeji akanunua spika. Akarekodi sauti yake mwenyewe, "Wali kuku elfu tatu! Wali kuku elfu tatu! Karibu mwanangu!", ikawa inajirudia toka saa nne hadi giza. Wakati huo ulikuwa wa mitihani. Jioni moja likaja kundi la wanachuo na madesa mikononi, shemeji akaagiza viti viongezwe. Hawakukaa. CR wao, kiongozi wa darasa, aliongea kwa adabu iliyopitiliza.

"Shikamoo mama. Tunaomba tu hiyo spika. Leo mwenzetu kwenye mtihani wa uchumi kaulizwa bei ya soko, kaandika elfu tatu."

Spika ikazimwa. Lakini mmoja wao alishaichukua ile sauti kwa simu, akaichanganya na singeli, muziki unaokwenda midundo zaidi ya 200 kwa dakika, shemeji akasikika kama anakimbizwa na mbwa kutoka Tandale hadi Mbagala. Ikaingia kwenye kundi la darasa, kutoka hapo ikasambaa. Mwaka wa kwanza walipowasili na mabegi yao, hawajui hata maktaba iko wapi, wali kuku wa elfu tatu walikuwa wanaujua. Kijana asiye na vocha alifanya akiwa amelala kitandani kazi iliyotushinda sisi na fundi wa bango. Na mimi naona sababu iko wazi: mwanachuo hamwamini muuzaji, anamwamini mwenzake aliyemcheka muuzaji.

Mgahawa ukajaa. Kisha kuku wakapanda bei, mafuta yakafuata, shemeji akabandika bei mpya: 3,500. Mteja wa kwanza akaisoma, akatoa simu, akabonyeza. Singeli ikalia, meza zote zikaitikia kwa vijiko. Shemeji akabaki anabishana na sauti yake mwenyewe, na sauti yake inashinda.

Akaamuru mtunzi atafutwe. Akaletwa yuleyule wa kadi, ambaye pia kwenye daftari la madeni anamiliki ukurasa mzima wa "bumu likisoma nalipa".

"Nitengenezee nyingine," shemeji akamwambia. "Iseme elfu tatu na mia tano."

Kijana akagonga meza kwa vidole, akajaribu mara mbili kimoyomoyo, akatikisa kichwa.

"Mama, hiyo mia tano haiingii kwenye biti. Tuweke elfu nne, inakaa vizuri. Ila mimi unichanie ule ukurasa, halafu unibakize kwenye wimbo wa zamani."