Sifa za Mchanga wa Jumapili

Kati ya vitu vilivyochafuliwa jina hapa pwani, sijui kama kuna kilichoonewa kuliko mchanga. Jambo zuri likiharibika tunasema kitumbua kimeingia mchanga, utadhani mchanga ulijibanza nyuma ya mlango ukimvizia mama wa vitumbua. Mhubiri akitaka mfano wa mpumbavu humleta yule aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga, na waumini wote wanatikisa kichwa, ilhali nusu yao wanadaiwa na mwenye lori aliyewaletea mchanga wa kupigia tofali. Kisha ikifika Jumapili usiku, katika kila nyumba ya Dar es Salaam iliyopeleka watoto ufukweni, mashtaka husomwa upya: umekutwa kwenye shuka, umekutwa masikioni, umekutwa ndani ya chupa ya uji iliyokuwa na kifuniko.

Mimi leo nasimama upande wa mshtakiwa.

Mzazi wa mjini akitaka kuwatoa watoto mwisho wa wiki, kila mlango anaoukuta una mtu wa kupokea hela. Kuna kiingilio cha mkubwa, kiingilio cha mdogo, na ubishi kuhusu aliye mgongoni kama naye ni mtu au ni mzigo. Ndani kuna majumba ya plastiki yaliyojazwa upepo ili watoto warukeruke, na kuna gari la betri ambalo dakika zake huisha pale mtoto anapoanza kujua usukani ni wa nini. Akishushwa, analia. Akilia, ananunuliwa aiskrimu. Aiskrimu ikidondoka, analia tena, safari hii na mama naye yuko karibu. Mchanga hauna saa. Hauishiwi chaji, haumwambii mtoto kwamba amezidi urefu, wala hauna kijana aliyevaa fulana ya njano anayepuliza filimbi kwamba zamu yako imekwisha.

Nenda Coco Beach, pale kandokando ya Barabara ya Toure, jua likianza kupoa. Wakubwa wamefuata mihogo yenye pilipili, mishikaki, madafu na kutazamana. Vijana wamefuata muziki na picha. Watoto wadogo hawajafuata hata kimoja kati ya hivyo. Bahari yenyewe wanaisalimia tu, wimbi likiwagusa magoti wanakimbia huku wanapiga kelele, halafu wanachutama kwenye mchanga na hapo ndipo siku inapoanza. Mombasa ni vilevile. Ufuko wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu huuita Pirates, una mipira ya matairi ya kukodi na una ngamia wa kupanda. Mtoto wa miaka mitatu hupandishwa ngamia, akapigwa picha akiwa amekunja uso, akashushwa, akarudi kwenye shimo lake. Ngamia ni wa wazazi.

Wamarekani wa mji wa Boston walilijua jambo hili tangu mwaka 1885. Daktari mmoja, Marie Zakrzewska, alikuwa ameona Berlin jinsi watoto walivyomwagiwa marundo ya mchanga katika bustani za umma wakatulia, akapendekeza wenzake wa Boston nao wafanye hivyo. Ukamwagwa mchanga kwenye uwanja wa kanisa dogo la mtaani, wakaja watoto wa wahamiaji na wa maskini, na wanaoandika historia ya viwanja vya michezo vya Marekani hupenda kuanzia kwenye rundo lile. Kabla ya bembea, kabla ya mteremko wa chuma unaounguza makalio mchana, palikuwa na mchanga na mtu wa kuangalia.

Sisi huku rundo kama hilo hatuliombi kwa barua ya daktari. Linaletwa na lori. Jirani ameanza msingi, tripu ya mchanga inamwagwa nje ya kiwanja, na kabla dereva hajashusha bodi vizuri watoto wa mtaa mzima wameshafika kileleni. Iwe Dodoma, iwe Tabora, mahali ambapo bahari husikika kwenye redio tu, watoto wanapata ufuko wao kwa muda wote ambao mwenye nyumba hajapata hela ya saruji, na kwa jinsi tunavyojenga, muda huo unaweza kumkuta mtoto chekechea na kumwacha darasa la tatu. Mwenye nyumba hulalamika kwamba rundo linapungua. Ni kweli linapungua, linaondoka kidogokidogo ndani ya mifuko ya kaptula. Lakini ahesabu na upande wa pili: halmashauri haijampa mtaa huo uwanja wa michezo, yeye amewapa, na hakuna diwani aliyekuja kukata utepe.

Juu ya rundo hilo, na kule ufukweni pia, shughuli inayofanyika ni biashara ya chakula. Mtoto wa kike wa miaka minne amekaa kitako, ana kifuniko cha chupa, kifuu cha nazi na kopo la mafuta ya kujipaka. Anapika wali. Anaonja, anaongeza chumvi, ambayo nayo ni mchanga, mkavu zaidi. Anamwambia baba yake, "Karibu, mteja." Baba, ambaye ofisini kwake watu hawaingii bila kupiga hodi, anapokea sahani ya jani la mkungu, anauliza kama kuna nyama, anajibiwa nyama imekwisha, yapo maharage. Analipa kwa kokoto na anadaiwa chenji iliyokuwa yake. Hawezi kuondoka bila kula, na kula kwenyewe kuna adabu zake: lazima utafune, lazima usifu mapishi, na usimwage chakula ovyo mbele ya mpishi. Nimeona wazee wenye mvi wakirudishwa kukaa chini kwa sababu hawakumaliza.

Hapo ndipo mtaa unapofahamiana. Shimo likichimbwa karibu na maji, chini yake hutoka maji yenyewe, kwa kuwa bahari imepenya ndani ya mchanga ule na iko pale inasubiri. Kwa mtoto, hicho ni kisima na ni mali yake. Mtoto wa watu wengine anakuja kuteka. Ugomvi unazuka, wazazi wawili wasiojuana wanainuka kutoka kwenye mikeka miwili, kila mmoja akimkaripia wa kwake kwa sauti ya kumfurahisha mwenzake. "Mpe na mwenzio, kisima cha wote." Dakika kumi baadaye mmoja ni Mama Aisha na mwingine ni Baba Brayani; wameshaulizana shule nzuri za chekechea, dawa ya kikohozi cha usiku, na kama yule dada wa kazi aliyeahidi kurudi baada ya sikukuu kweli amerudi. Majina yao halisi hawakutajiana, na hakuna aliyeyahitaji.

Wanaoudharau mchanga nadhani hawajauliza ulikotoka. Mwingi wa ule wa Dar es Salaam ni chembe za kwatsi, jiwe gumu lililomeguka bara zamani mno na kuburutwa na mito hadi pwani. Ukiuona kwenye kope za mtoto wako, ujue umesafiri kuliko familia yako yote. Mweupe wa Unguja, ule wa Paje, Jambiani na Nungwi, una ukoo mwingine. Huo ni matumbawe na magamba yaliyosagika, na msagaji mmoja hodari ni samaki pono. Pono huguguna matumbawe akitafuta mwani, huyasaga kwa meno yaliyo kooni, hula kinacholika, na kilichobaki hukitoa kwa mlango wa nyuma kikiwa mchanga safi. Pono mkubwa wa aina fulani hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Kwa hiyo wageni wanaopanda ndege kutoka Ulaya ili walale kifudifudi juu ya ufuko ule mweupe wamelipa fedha nyingi kulalia choo cha samaki, na mtoto wako amekuletea kingine nyumbani bure, ndani ya soksi. Mtoto huyohuyo kwenye daladala amelala usingizi wa pono, mdomo wazi, mashavu yana chembe. Sioni sababu ya kumpangusa. Vitu vya ukoo mmoja vimekutana.

Kuhusu wingi wake, Archimedes, Mgiriki wa karne ya tatu kabla ya Kristo, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba chembe za mchanga zinazoweza kujaza ulimwengu wote zinahesabika, akafikia namba isiyozidi 1 yenye sufuri 63. Ni kazi kubwa, lakini ilifanywa na mtu ambaye hakuwahi kukunjua kaptula ya mtoto wa miaka mitano bafuni.

Lawama kuu ni kwamba mchanga unang'ang'ania. Unang'ang'ania, ndiyo, lakini kosa ni la maji. Mchanga mkavu hauna urafiki na mtu, unamwagika na kwenda zake. Ukiulowesha kidogo, utando mwembamba wa maji unazivuta chembe zikashikana, zikashika na ngozi. Nguvu hiyohiyo inayokera mapajani ndiyo inayosimamisha nyumba ya mchanga yenye minara minne na shimo la mlinzi. Asilimia chache tu za maji zinatosha. Ukizidisha, nyumba inakuwa uji. Mafundi wadogo wanaijua sheria hii bila kufundishwa, na utawaona wanachota, wanabinya, wanakataa kiganja hiki, wanakubali kile. Wazazi waliokomaa nao wana dawa yao: poda ya mtoto. Paka poda palipo na mchanga, inafyonza unyevu, chembe zinadondoka zenyewe bila kusugua wala kulia. Ambaye hajui hili atamkwangua mtoto kwa kitambaa kama anayekwangua sufuria ya ugali, kisha atausingizia mchanga ukatili.

Sifa nyingine hutajwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa inahusu fedha. Mchanga unatafutwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilisema katika ripoti yake ya 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Nchi za Ghuba, zenye majangwa yasiyoisha machoni, hununua mchanga wa ujenzi kutoka nje, maana chembe za jangwani zimesuguliwa na upepo zikawa laini na mviringo mno kwa zege. Hapa kwetu, wanaoshuka kituo cha Africana kule Mbezi Beach wengi hawajui kwamba jina hilo ni la hoteli ya ufukweni iliyoachwa bahari ilipoanza kula pwani. Miongoni mwa sababu walizotaja wataalamu ni uchimbaji wa mchanga kwenye mito ya karibu na uvuvi wa baruti uliovunja miamba. Mto usipoleta mchanga, wimbi linakula uliopo. Mtoto anayeondoka na viganja viwili mfukoni si mshindani katika biashara hii, ingawa anaweza kujibu kwamba ndiyo kwanza anaanza.

Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa hatua za mtoto wa chekechea mita 60 ni nchi nzima. Ndani yake wa Masaki na wa Tandale wanachimba shimo moja, na kwa kuwa wote wawili wamebaki na chupi tu, hakuna anayeweza kusema nani wa wapi. Mahali pengine ukuta umeshuka hadi majini na mlinzi anakuuliza unaenda kwa nani. Hapo mchanga haujakosa lolote. Umefungiwa kama sisi.

Wakili mwema hukiri madogo. Mbwa wasio na wenyewe hujisaidia ufukweni, na minyoo yao inaweza kuingia kwenye ngozi ya mtoto, kwa hiyo chagua sehemu inayolowa kila maji yanapojaa. Vipande vya chupa vya Jumamosi usiku huwa bado vipo Jumapili asubuhi, navyo vililetwa na watu wazima. Na shimo likipita magoti ya mchimbaji, lifukie, maana kuta za mchanga huanguka bila kuaga. Hapo mimi mwenyewe nasitisha sifa na kushika koleo.

Linabaki shtaka la bomba la bafu, ambalo limeziba. Mama wa nyumba anasema limeziba kwa ajili ya Coco, na ushahidi anao, kwa kuwa fundi aliyelifungua alitoa kilo nzima, pamoja na konokono wawili na kifuniko cha mama ntilie mdogo. Sibishi. Nauliza tu alipwe kiasi gani, kwa sababu fundi naye ana watoto, na alivyokuwa anakusanya spana zake alituuliza kama wiki ijayo tunaenda, ili wake nao wafuatane na wetu.