Bustani Kongwe Iliyozaliwa Juzi

Shemeji yangu anayefanya kazi Osaka aliapa sitarudi nyumbani bila kuiona bustani ya mamwinyi wa zamani kule Nara. "Ya karne ya nane hiyo, shemeji!" Basi nikavaa viatu vipya, kosa la kwanza. La pili, tulikwenda Jumatatu. Kutoka stesheni ya Yamato-Saidaiji tulilikata eneo zima la kasri la Heijō kwa mguu, jua la Agosti utosini, tukafika, tukasoma tangazo la "leo tumefunga", tukageuza.

Jumanne nikarudi na malengelenge. Kiingilio bure. Mimi cha bure huwa nakitilia shaka.

Bustani yenyewe, Tōin Teien, ipo upande wa mashariki wa kasri, la zama zile Nara ilipokuwa mji mkuu wa Japani, 710 hadi 784. Bwawa limejikunjakunja, kokoto zimetandazwa ukingoni kama pwani ya kuchezea watoto, na banda la mbao limeingiza baraza yake juu ya maji. Nikaipapasa nguzo: laini, imenyooka, haina hata tundu la mchwa.

"Mbao hii ina miaka mingapi?"

Shemeji akakohoa. Kumbe mji mkuu ulipohama, kasri likageuka mashamba ya mpunga. Wachimbuaji waliifukua bustani mwaka 1967, ikajengwa upya, na ikafunguliwa 1998. Elfu moja mia tisa tisini na nane! Mkanda niliovaa niliununua 1996. Nimevuka bahari kuja kutazama kitu ambacho mkanda wangu unakiita mdogo wangu.

Shemeji, kuniliwaza, akanihadithia mchezo wa mamwinyi hao: unakaa kando ya kijito, kikombe cha pombe kinaelea kuja kwako, nawe sharti uwe umetunga shairi kabla hakijakupita. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao! Na wala hakuna aliyetembea kutoka stesheni.

"Basi nawe tunga," akasema, "kabla treni haijapita." Maana reli nayo, msishangae, imelipasua eneo la kasri katikati.

Nikafumba macho. Ukwapi ukaja wenyewe, mizani nane kamili: miguu inaniuma. Bado nautafuta utao, treni hiyo ikapita.