Chozi wa Kasongo na Chai ya Kizuizini

Hata sasa masikio yananiwaka nikikumbuka jinsi vijana wa pikipiki wa Kasongo, huku kwetu mashariki ya Kongo, walivyoangua kicheko waliponiona mimi, mtu mzima mwenye kanzu na kofia, nimepiga magoti mbele ya pikipiki isiyo yangu, kamera usoni, nikimsihi ndege asiyejaza kiganja atulie walau lahadha moja, ilhali yeye ameshughulika kukidonoa kioo cha pembeni, akiamini kwamba dume amwonaye humo ni hasimu aliyekuja kumpokonya mke na maua yake. “Baba, unamupiga picha ya karte ya kuchagula?” aliuliza mmoja, na kicheko kikaanza upya.

Amerika wana ndege wao avumaye hewani mbele ya ua, ambaye bara letu halimjui. Sisi tumeruzukiwa chozi, ambaye aghalabu hutua kwanza, ndipo achovye ulimi wake ulio mrija. Lakini ajabu ya Mola imo katika rangi. Yule dume wa kiooni, aitwaye chozi wa shaba, hana hata chembe ya shaba mwilini: manyoya yake yamepangwa vibamba vyembamba vya weusi uleule ulio nyweleni mwetu, tabaka juu ya tabaka, na nuru ikirudi kutoka humo, miali mingine huzimana na mingine huzidishana nguvu, hata pakazuka shaba na zambarau, kisha ndege akigeuza shingo kidogo tu, yote hutoweka. Ndiyo maana jicho langu liliona sultani, na picha ikatoa kipande cha makaa.

Njiani kwenda Kabambare lenzi ilikunywa matope. Kabambare kwenyewe betri ilikata roho.

Ila lililoniuma ni kwenye kizuizi cha barabarani, ambako mkubwa mmoja alinidai ruhusa ya maandishi ya kupiga picha “mali ya Serikali”, na ilipokosekana, akadai chai. Mali ya Serikali! Katika milima ya Itombwe, mashariki ya Kabambare, yupo chozi ambaye Mmarekani James Chapin alimwandika mwaka 1932 kwa jina la Rockefeller, mwana wa ukoo wa matajiri wa kwao. Na mizoga mikavu ya ndege wetu imejaa kwenye makabati ya makumbusho ya New York na Tervuren, wala sijasikia kwamba waliowapiga risasi walidaiwa chai. Mwenyeji anayetaka kivuli chao tu ndiye mshukiwa.

Basi, msomaji, ukimtaka chozi, mvizie asubuhi kwenye ua la mgomba, jua likiwa mgongoni mwako, na pesa ya chai iwe mfukoni.