Jinsi ya Kuwa Profesa wa Insha bila Kusahihisha Insha

Wapo wanaodhani mtaalamu wa ufundishaji wa uandishi ni mtu anayefundisha watu kuandika. La hasha. Huyo ni mwalimu, mtu wa kukesha na rundo la madaftari, kalamu nyekundu mkononi, na cheo hakiongezeki. Wewe unataka kuitwa profesa, na uko mahali pazuri: kati ya Embu na Meru vyuo vikuu havikosi, kuanzia Embu kwenyewe, ukavuka Thuci hadi Chuka, ukafika Meru na Nchiru. Fuata hatua hizi.

1. Chagua mada. Usijisumbue, ipo tayari: makosa ya kisarufi katika insha za wanafunzi wa shule za upili. Kinachobadilika ni kaunti ndogo tu. Aliyekutangulia akiwa amemaliza Imenti Kusini, wewe panda Buuri au teremka Mbeere Kaskazini, kisha useme umeziba pengo la utafiti. Kaunti ndogo zikiisha, hamia kwenye lahaja: Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kimwimbi, Kitharaka. Kila moja ni tasnifu nzima, na lugha ya mama haijawahi kujitokeza kujitetea.

2. Tafuta wazee wa kukusimamia. Kwa nadharia, mtaje Vygotsky (1978). Ni kweli marehemu alifariki mwaka 1934, lakini katika tasnifu zetu angali anadai, anasisitiza na kufafanua. Kwa makosa, mtaje Corder (1967). Kwa sampuli, wataje Mugenda na Mugenda (2003). Bila wao, nchini Kenya hakuna mwanafunzi aliyewahi kuhesabika.

3. Nenda nyanjani. Chukua kibali cha utafiti cha NACOSTI, pitia kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu, kisha uingie shuleni na bahasha. Utamkuta mwalimu wa Kiswahili akitoka darasa moja na kuingia jingine. Mkabidhi hojaji: "Ukubwa wa darasa huathiri ufundishaji wa insha." Nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Ataweka tiki akiwa wima, daftari za watoto zikiwa kwapani. Usimwulize lolote kuhusu hizo daftari. Hazimo kwenye hojaji.

4. Changanua data. Tuseme mtoto wa Siakago ameandika hivi kuhusu siku ya soko la ndengu: "Shosho alirala njaa ndio broka apate gorogoro imejaa." Mtu asiye na elimu angeiweka karatasi chini kwanza. Wewe usitetereke. Andika: kosa la kwanza, r mahali pa l, athari ya lugha ya kwanza; kosa la pili, "ndio" mahali pa "ili". Endelea na karatasi inayofuata, ya yule aliyekariri kuwa ndege walikuwa wakimsifu Jalali juu ya matawi. Haina kosa hata moja, kwa hivyo mtaje kama mfano bora. Mtahini wa KCSE, pamoja na haraka zake zote, hulazimika kupima maudhui na mtindo kabla ya kutoa alama katika 20. Wewe umeepushwa na balaa hilo. Maudhui hayaingii kwenye programu ya SPSS.

5. Chapisha. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilishataka mwanafunzi wa uzamifu awe na makala mbili katika majarida, basi kata tasnifu vipande. Tafuta jarida linalokuita "Msomi Mashuhuri" kwenye barua pepe ya kwanza na kutaja ada kwenye ya pili. Ukikosa muda wa kuandika, mjini Embu au pale Makutano hukosi kijana mwenye digrii, asiye na kazi, anayekesha akiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022, lakini kijana hana habari, ana makataa saa kumi alfajiri. Huenda ndiye mwandishi mwenye mazoezi mengi kuliko wote katika kaunti. Usithubutu kumfanyia utafiti.

6. Toa mapendekezo. Ni matatu, hayabadiliki: walimu wapewe semina, serikali iajiri walimu zaidi, na utafiti zaidi ufanywe. La kwanza ni adabu, la pili ni sala, la tatu ndilo mshahara.

7. Linda matokeo. Tia tasnifu jalada gumu jeusi, jina kwa herufi za dhahabu, uifikishe maktaba na usiipeleke hatua moja zaidi. Yule mwalimu wa Siakago akikupigia simu kuuliza mlipata nini, na kesho asubuhi afanye nini na darasa lake, mwambie swali hilo ni zito mno na linahitaji utafiti wake pekee. Kisha muulize kama anaweza kukusaidia kusambaza hojaji.