Jinsi ya Kumshtaki Mama wa Kampuni

Kwanza hakikisha una mto. Mto uliogeuka rangi unapigika picha. Mgongo uliovunjikia shambani haupigiki, na wewe mwenyewe utaulizwa kama hukuja nao hivyo kutoka kwenu. Chota maji, jaza chupa, funga kizibo, bandika karatasi yenye tarehe. Iweke juu ya kabati, watoto wasije wakainywa.

Sasa mtafute mwenye mali. Yule mliyemzoea getini, mwenye kofia ya plastiki na gari jeupe, si mwenyewe. Huyo ni kampuni tanzu, mtoto tu, na mfukoni huenda hana kitu. Mama yuko London. Ni mama wa ajabu: siku ya gawio anawajua wanawe wote kwa majina, siku ya lawama anauliza, "Huyu naye ni wa nani?"

Waulize wa Kericho, Kenya. Desemba 2007, vurugu za baada ya uchaguzi zilipowakuta kwenye mashamba ya chai ya Unilever, walivamiwa. Watu 218 walikwenda mahakama za Uingereza wakidai kwamba mama naye alipaswa kuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikasema mtoto alijipangia mwenyewe namna ya kukabili hatari, mama hakumwelekeza. Basi. Na ukienda kumshtaki mtu wa chai, nenda mbio: mashamba hayo yaliwahi kuwa ya Brooke Bond, yakawa ya Unilever, na mwaka 2022 biashara ikauzwa tena. Ukichelewa utajikuta unamshtaki mama wa kambo.

Waliofika mbali ni wa Chingola, Zambia, kwa hiyo hapa tutulie kidogo. Wakazi 1,826 walilalamika kwamba uchafu wa mgodi wa shaba wa Nchanga unaingia kwenye mito wanayokunywa na kumwagilia mashamba. Mgodi ni wa Konkola Copper Mines, mama, Vedanta. Walifungua kesi Uingereza mwaka 2015, na kwa karibu miaka minne hakuna jaji aliyefika kwenye swali la nani aliyachafua maji yale. Kilichobishaniwa ni kesi isikilizwe nchi gani, na mtoto ni wa nani.

Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwafungulia mlango. Na unajua ufunguo mmojawapo ulitoka wapi? Kwenye ripoti ya uendelevu ya mama mwenyewe, aliyoichapisha bila kulazimishwa na mtu, akijisifu jinsi anavyoweka viwango na kusimamia wanawe wote. Majaji wakasema: kama ndivyo unavyosema, basi una la kujibu. Kwa hiyo, msomaji, usiidharau karatasi ile ya kung'aa. Keti nayo mezani na kalamu nyekundu. Kila penye "tunahakikisha", piga mstari. Kila penye "tunasimamia", piga miwili. Mtoto anayecheka kwenye bomba katika ukurasa wa tatu mwache, hana kosa.

Kuna sharti jingine, linauma kidogo: uwe maskini, na uwe na ushahidi wa umaskini huo. Majaji walikubali kwamba Zambia ndiyo ilikuwa mahali pa kesi ile, ila watu wa Chingola hawakuwa na fedha, sheria za huko haziruhusu wakili kungoja malipo mpaka ashinde, na mawakili wa kubeba mzigo kama huo walikuwa wachache. Maana yake utasimama mbele ya wageni uthibitishe kwamba kwenu haki haipatikani. Wimbo wa taifa utauimba ukirudi.

Januari 2021 pande mbili zikapatana. Kiasi, siri. Kosa, halikukiriwa. Huo ndio ushindi, usitafute mwingine.

Ukipenda Ufaransa, wana sheria ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa zichunge madhara ya wanazozimiliki ng'ambo. Mashirika ya Uganda na Ufaransa yaliitumia kuishtaki Total mwaka 2019 kwa ajili ya mafuta ya Ziwa Albert na bomba linaloteremka hadi Tanga. Mpaka Desemba 2021 walikuwa bado wanabishania mahakama gani ndiyo yenyewe. Februari 2023 wakaambiwa madai yao hayafanani tena na barua ya onyo waliyoandika 2019. Wewe barua yako iandike vizuri: orodhesha kila ubaya utakaokupata katika miaka minne ijayo.

Za Umoja wa Mataifa, zile Kanuni Elekezi za 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu, ni nzuri mno na hazimfungi mtu. Zinapendeza ukutani.

Halafu kula vizuri, ulale mapema. Wakulima wa Nigeria walioishtaki Shell kule The Hague walianza mwaka 2008, na hukumu ya rufani iliyowapa haki ikaja Januari 2021. Baadhi yao walikuwa wameshazikwa. Kesi wakaimalizia watoto wao. Ile chupa iliyo juu ya kabati, hebu iteremshe. Chini ya jina lako, acha nafasi ya kuandika la mjukuu.