Harusi Iliyokonda

Mama mkwe wangu anaishi Mbita, ng'ambo ya ghuba, na anauza omena. Kwa hiyo maisha yake yanafuata mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mashua hulala ufuoni, na mama hupata siku chache za kukaa sebuleni kama watu wengine. Ndiyo maana aliponipigia simu hakutaja tarehe. Alisema tu, "Ora, mwezi ukijaa nataka kuiona harusi." Ora ndivyo Waluo wanavyomwita mkwe, na mkwe akiitwa hivyo kwa sauti tamu, ajue kuna kazi.

Harusi yenyewe ilikuwa ya shemeji yangu, kule Nairobi. Mpiga picha, kijana wa kisasa, hakutoa diski wala albamu. Alituma kiungo. Sasa mtumie kiungo mtu mwenye simu ya kabambe! Mama ana runinga ya mgongo mkubwa na deki ya DVD aliyoifunika kitambaa cha kufuma kama mtoto wa ubatizo. Mke wangu akanitazama. Siku ya mahari niliwaambia wazee kwamba nafanya kazi za tarakilishi. Kazi zenyewe ni kuwachapia watu barua, lakini mbele ya wazee si mahali pa kufafanua mambo.

Nikaipakua harusi kwa bando la usiku. Nikaenda Mtaa wa Oginga Odinga, hapa kwetu Kisumu, kununua diski tupu. Mwenye duka aliipangusa vumbi pakiti, akaniuliza kama nanunulia makavazi.

Diski ya kwanza haikunitoa jasho. Nilinakili faili, dakika chache kazi ikaisha, nikampa makanga wa matatu ya Luanda Kotieno, naye akampa mtu wa feri. Jioni harusi ikavuka ziwa. Saa mbili usiku simu ikalia.

"Ora, mashine inasema hakuna kitu."

"Mama, upande unaong'aa umeuelekeza chini?"

"Nimeuelekeza chini, nimeuelekeza juu, nimeipangusa kwa leso. Hakuna kitu."

Kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja mtaani Kondele. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Wewe umenakili. Hujachoma." Ukitaja kuchoma Kondele, watu huuliza kilo ngapi, lakini nilimwelewa. Mimi ni Mluhya. Dholuo yangu inatosha kununua samaki na kuomba msamaha, basi najua uchungu wa kufika mlangoni bila lugha ya wenyeji. Deki ya zamani ni kama bibi wa kijijini. Inasikia lugha moja tu, MPEG-2. Inataka mistari 576 ya picha, picha 25 kwa sekunde, na mgeni aingie kupitia folda moja iitwayo VIDEO_TS. Ukimletea MP4, hata ivae suti, haitaulizwa jina. Sharti itafsiriwe.

Nikatafuta programu ya bure ya kutafsiri. Hapo nikakutana na hesabu ya ajabu. Diski imeandikwa gigabaiti 4.7, lakini ukiiweka kwenye tarakilishi inasomeka 4.37. Kumbe mtengenezaji huhesabu kwa elfu kamili, na tarakilishi huhesabu kwa 1,024. Nilihisi nimerudi sokoni Kibuye, pale gorogoro inapokuwa gorogoro kwa nje, lakini kitako chake kimegongwa nyundo kikaingia ndani. Harusi ya saa tatu ikabidi ishindiliwe.

Kipakatalishi changu kilitafsiri kwa saa tano, kikinguruma kama posho mill ya jirani. Betri yake ilikufa zamani, kinaishi kwa kuchomekwa ukutani. Nikaanza kuchoma. Asilimia 60. Asilimia 85. Asilimia 97, stima ikapotea. Nikasikia mtaa wetu wote wa Manyatta ukiguna kwa pamoja, lakini nina hakika mguno wangu ndio uliotoka mbali zaidi. Diski ikikatizwa hivyo haiendelezwi. Ile ya pili sasa naiwekea kikombe cha chai.

Mwezi ulikuwa umeshafika nusu. Kwa wasiwasi, diski ya tatu niliichoma kwa kasi ya 16, ikaiva upesi, ikapanda feri. Usiku ule mama akapiga simu akinong'ona.

"Ora, kasisi amenyamaza."

"Amenyamaza vipi, Mama?"

"Ameuliza kama kuna mwenye pingamizi, halafu akabaki mdomo wazi. Ni nusu saa sasa. Kuna mtu alikataa?"

"Hakuna, Mama. Si ulikuwepo?"

"Mimi nilikuwepo. Majirani hawakuwepo, na wameanza kunitazama."

Fundi akaniambia nishushe kasi hadi 4, kisha akanisomea ile methali ya haraka ambayo kila mtoto wa shule anaijua. Sikumjibu. Nilichoma ya nne polepole, nimeketi kando yake kama muuguzi wa zamu, sithubutu hata kupiga chafya. Ikavuka ziwa mwezi ukiwa duara kamili.

Siku mbili kimya. Wenye wakwe wanajua uzito wa kimya cha namna hiyo. Siku ya tatu: "Ora, njoo. Uje na mke wako. Nataka kumwona kwa macho."

Tulipofika hakutusalimia kwa mkono kama kawaida. Alimshika binti yake mkono wa juu, akaubonyeza, kama mtu anayepima mbuzi mnadani. Akamgeuza. Akanigeukia mimi. "Kwenye runinga amekuwa fito. Sijalala. Nimekaa najiuliza, huyu Ora anamlisha nini huko Kisumu?"

Nikaomba kuiona hiyo runinga. Salaala! Keki ilisimama kama mnara wa simu. Gari la bi harusi lilikuwa kabati lenye magurudumu. Mjomba wetu, ambaye huhitaji viti viwili kwenye matatu, alipita amenyooka kama mlingoti wa mashua. Harusi ilipigwa kwa umbo la 16 kwa 9, runinga ya mama ni 4 kwa 3, nami nilikuwa nimekosea kisanduku kimoja cha mpangilio. Kila mwalikwa alipoteza robo kamili ya upana wake bila kuruka mlo hata mmoja.

Nilijieleza kwa kubana leso ya mama huku na huku, maua yakakonda mbele ya macho yake. Akakubali, lakini chakula cha jioni alimpakulia binti yake mara tatu, akinitazama.

Mwezi uliofuata ulipojaa, nilipeleka diski ya tano mwenyewe. Hii ilikuwa sahihi, yenye utepe mweusi juu na chini, kila mtu na mwili wake. Nikitoka ferini nilipita kwenye nyavu za kuanikia omena, nikaona vitu viwili vikining'inia kwenye kamba na kumetameta juani. Yangeyange walikuwa wamesimama mbali, wamekasirika. Zilikuwa diski yangu ya kwanza na ya tatu. Hatimaye zilikuwa zimepata kazi.

Tukaiweka ya tano. Keki ikawa keki, gari likawa gari. Kisha akatokea mama wa bi harusi mwenyewe, ndani ya gomesi ya zambarau, kwa upana wake wote aliojaliwa na Mungu. Sebule ikanyamaza. Mama akainuka, akaitoa ya tano, akarudisha ya nne.

"Mama, hiyo ina kosa."

"Kosa liko wapi?" akauliza. Kwenye runinga alikuwa akipita mwembamba kama msichana wa kidato cha pili.

Mke wangu hakusema kitu. Baadaye aliniomba, kwa faragha, nimchomee nakala ya diski ya nne.

Asubuhi tulipokuwa tukielekea ferini, nilizitazama tena nyavu za omena. Vilivyokuwa viking'aa sasa vilikuwa vitatu.