Azimio la Kukompaili

Sifa hapa duniani zimegawanywa kwa upendeleo. Mlima Meru unasifiwa kwa urefu, kahawa ya Arusha kwa harufu, simba wa Serengeti kwa kulala usingizi mbele ya watalii waliolipa dola. Kazi ya kushusha maktaba ya hesabu ikiwa msimbo mtupu na kuikompaili mwenyewe, kwenye chumba cha kupanga Lemara, Arusha, kwa kompyuta mpakato iliyokwisha kuchosha mtu mwingine Ulaya, haijapata wa kuisemea. Dhuluma hiyo inarekebishwa hapa.

Kwa asiyeijua, maktaba ya aina hii ni mkusanyiko wa programu ndogondogo za kutatua milinganyo na kuzidisha matrisi, zilizoandikwa na watu waliokwisha kufikiria makosa yote ambayo wewe ungeyafanya. Mashuhuri ni BLAS, iliyochapishwa mwaka 1979, na LAPACK, iliyotoka mwaka 1992. Zote mbili zimeandikwa kwa Fortran, lugha ya IBM ya mwaka 1957. Utabiri wa mvua, usanifu wa madaraja, hata hii akili mnemba inayoandikia wanafunzi insha, ukichimbua hadi chini utakuta mtu anazidisha matrisi, na BLAS huiita kazi hiyo DGEMM. Majina yake yako hivyo kwa kuwa Fortran 77 haikuruhusu jina lipite herufi sita. Mtoto akizaliwa siku zile angeitwa MWNJM na wazazi wangeshukuru.

Kukompaili ni kuugeuza msimbo unaosomwa na binadamu uwe ule unaosomwa na mashine. Kwa nadharia hatua ni tatu: unaandika “./configure”, unaandika “make”, unaandika “make install”. Waandishi wa maelekezo huziorodhesha hatua hizo, huweka nukta, kisha huenda zao kula.

Fadhila ndogondogo zipitiwe haraka. Kukompaili kunapasha joto: Julai, ubaridi wa Meru unapoteremka na watu wanatembea na mablanketi, magoti ya anayekompaili hayana habari. Kunabana matumizi: msimbo wa LAPACK haufiki megabaiti 10, ilhali vifurushi vilivyopikwa tayari na watengenezaji wa chipu huja kwa gigabaiti, na bando si kitu cha kuchezea katika nchi ambayo Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilizua kelele hadi Mamlaka ya Mawasiliano ikazisimamisha siku ileile. Kunaongeza msamiati pia, ingawa si wa kutumia mbele ya wakwe.

Fadhila kuu, ambayo peke yake ingetosha kuijengea kazi hii mnara pale Kaloleni, jirani na makumbusho ya Azimio la Arusha, ni kujitegemea.

Mwishoni mwa Januari 1967 viongozi wa TANU walikaa katika mji huu wakapitisha Azimio, likatangazwa Februari 5. Tangu siku hiyo mengi yamepinduka. Mashirika mengi yaliyotaifishwa yameuzwa, na mwaka 1991 masharti ya uongozi yakalegezwa kule Zanzibar bila kelele nyingi. Wafuasi wa kweli wa kujitegemea wamebaki wachache, na inaelekea wote wanakompaili. Mjitegemeaji wa Lemara hapokei msaada wa programu iliyopikwa na wengine. Anataka aijenge kwa mikono yake, kwenye udongo wake, kwa prosesa yake. Ndipo anapoanza kugundua anachotegemea.

Maktaba ya PETSc inataka LAPACK. LAPACK inataka BLAS. BLAS inataka kompaila ya Fortran. Kompaila ya Fortran, ukiamua kuijenga mwenyewe ili usimwombe mtu, inataka GMP, MPFR na MPC, ambazo, msomaji amekwisha kuhisi, nazo ni maktaba za hesabu za kukompaili. Na yote hayo yanataka kompaila nyingine ya kukompailia kompaila. Mwalimu Nyerere alisema mengi kuhusu utegemezi wa mataifa machanga, lakini hakuwahi kukutana na huu.

Halafu kuna suala la makazi. Vipande vilivyokompailiwa huunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni Operesheni Vijiji: kila familia inahamishwa na vyombo vyake, inatiwa ndani ya faili moja kubwa, ipende isipende. Ya pili inamwacha kila mmoja shambani kwake, akihitajika ataitwa. Hii ya pili ina uungwana zaidi, mpaka siku programu inapoita liblapack.so.3 na kujibiwa kuwa faili hilo halipo, wakati mwandishi wa makala haya analitazama kwenye folda, limekaa, lina ukubwa, lina tarehe. Lipo, ila halijaandikishwa kijijini. Mtu anajaza LD_LIBRARY_PATH, mambo yanakwenda. Anafungua dirisha jipya, faili limetoroka tena. Wakati mwingine faili linapatikana na jina ndilo linalokataa, kwa sababu kompaila nyingi za Fortran hubandika kistari cha chini mwishoni mwa jina, dgemm ikawa dgemm_, na programu ya C ikiita bila kile kimkia haiitikiwi na mtu. Mtu mzima mwenye shahada anaweza kumaliza Jumamosi yake hapo, kwenye kistari.

Itolewe heshima pia kwa make yenyewe. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, na akaamua kwamba mistari ya amri ndani ya Makefile lazima ianze kwa tab. Nafasi nane za kawaida, ambazo kwenye skrini hazina tofauti na tab hata ukiweka miwani ya babu, hazikubaliki. Feldman mwenyewe amekwisha kueleza kuwa aliliona tatizo mapema, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja na hakutaka kuwasumbua. Wale dazeni moja hawakusumbuliwa. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya chama cha ACM kwa kazi hiyo.

Anayetaka kuufikia utakatifu aende kwenye ATLAS, maktaba iliyoanzia Chuo Kikuu cha Tennessee chini ya Clint Whaley na Jack Dongarra, huyu wa pili akiwa ndiye mshindi wa Tuzo ya Turing ya 2021. ATLAS haikubali kusakinishwa hivihivi. Inaipima mashine kwanza: inazidisha matrisi kwa vipande vya ukubwa huu, kisha huu, saa mkononi, hadi ijue ni ukubwa upi unaoenea kwenye kashe ya prosesa hiyo. Kazi yenyewe ni ya saa kadhaa. Sharti ni kwamba prosesa isipunguze kasi katikati. Ikikuta kompyuta imewekwa kubana umeme, inagoma kuanza na kuandika kwamba kusakinisha katika hali hiyo ni kazi isiyo na maana.

Sasa mweke mtu huyo Lemara, nyumba ya wapangaji, luku moja. Usiku wa manane unit zinakwisha, kompyuta inahamia kwenye betri, kwenye betri inapunguza kasi ili iishi, na ATLAS inaanza kulalamika kuwa vipimo vyake vinapishana mno. Asubuhi, bombani:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, ile mashine inafanya nini usiku kucha? Unit zote zimekwisha.”

“Inajipima kasi, mama.”

“Ikishajipima?”

“Ndipo ianze kazi.”

Mama mwenye nyumba akamtazama mpangaji wake, akaitazama kompyuta kupitia mlango ulioachwa wazi, akapandisha mchango wa luku. Na huo ulikuwa mwaka wa neema. Mwishoni mwa 2023, nchi ikiwa kwenye mgao, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, aliyethubutu kuianzisha ATLAS alihitaji jenereta au imani.

Wapo wanaoyapitia haya kwa faida ya wote, na hao hawastahili utani. Modeli ya hali ya hewa ya WRF, inayotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kituo cha ICPAC cha Nairobi, ni ya kukompaili. Ukiianzisha inakuletea orodha ndefu ya namba uchague kompaila na namna ya kugawa kazi, inakupotezea muda wa kutosha kupika loshoro na kuila, kisha mwishoni kabisa, ikiwa maktaba ya netCDF ilijengwa kwa kompaila tofauti na hii, inakuambia kuna matatizo, katafute kwenye kumbukumbu za ujenzi. Kumbukumbu zenyewe ni maelfu ya mistari. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani Mei 2024 na wavuvi wakaonywa mapema wasiende baharini, nyuma ya maonyo ya namna hiyo huwa kuna mtu ambaye siku moja alizisoma kumbukumbu hizo hadi mwisho.

Hapa sifa zinaanza kumkwama msifu kooni. Kwa kazi nyingi za leo hakuna haja ya mateso haya. Tangu mwaka 2016 maktaba ya NumPy kwa Linux inakuja imekwisha kupikwa, OpenBLAS ikiwa ndani. Kompaila ya gfortran ni ya bure, na kwenye Ubuntu inaingia kwa amri moja, muda wa kumaliza kikombe cha chai. Shida ni kwamba amri hiyo inaanza na sudo, na sudo inataka nenosiri la msimamizi. Nenosiri liko kwa mtu wa TEHAMA. Mtu wa TEHAMA yuko semina, Dodoma.

Ofisi moja, ambayo haitatajwa, ilinunua seva nzuri kwa ajili ya utafiti. Utepe ulikatwa, juisi ikanywewa, picha ya pamoja ikapigwa, wakubwa wameketi na wengine wamesimama. Seva ikabandikwa stika ya namba ya mali na kufungiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ambacho ndicho chumba chenye baridi ya uhakika kuliko vyote jijini baada ya Julai. Mwandishi wa makala haya alipopewa akaunti, akakuta ndani hamna kompaila ya Fortran. Akaandika barua. YAH: MAOMBI YA KUSAKINISHIWA KOMPAILA YA FORTRAN. Ikapitia kwa mkuu wa idara, ikagongwa mhuri, ikaingia kwenye faili. Akaambiwa mchakato unaendelea. Akarudi, akaambiwa alete ankara. Akaeleza kuwa kitu chenyewe ni cha bure. Ikawa balaa, kwa sababu kitu cha bure hakina ankara, kisicho na ankara hakina fungu, na kisicho na fungu hakiwezi kupita kwenye mfumo wa manunuzi. Afisa mmoja mwenye huruma akashauri atafutwe mzabuni atakayekubali kuiuza.

Ndiyo maana mtu anakompaili! Si kwa mapenzi ya kujitegemea, wala hamu ya kuifahamu kashe ya prosesa. Anaandika “--prefix=$HOME” na kujenga GMP, kisha MPFR, kisha MPC, kisha kompaila, kisha BLAS, vyote ndani ya folda yake mwenyewe, kwa kuwa mlango wa mbele umefungwa na mwenye ufunguo anasaini posho. Jirani yake anafanya hivyohivyo kwenye folda ya pili, na wa tatu kwenye ya tatu, kila mmoja na LAPACK yake, hakuna inayolingana na ya mwenzake. Seva ya mamilioni imegeuka nyumba ya wapangaji.

Nchi hii ina historia yake na kompyuta. Ya kwanza, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za serikali ukaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. BLAS ilipochapishwa, marufuku ilikuwa na miaka mitano. Dongarra na wenzake walipoanza mwaka 1985 kugawa maktaba za aina hii bure kwa barua pepe, kwa yeyote aliyeomba, marufuku ilikuwa bado ipo. Uamuzi ule ulikuwa mbaya, lakini angalau ulitangazwa. Mtu alijua kompyuta imekatazwa na nani. Leo hakuna aliyekataza chochote. Mashine ipo, ruhusa iko njiani, na ukiuliza nani anaizuia kila mmoja anaonyesha mlango wa pili.

Azimio lililopitishwa mjini hapa lilisema fedha si msingi wa maendeleo, na katika mahitaji yake manne likataja watu kwanza. Ofisi zetu zimeliheshimu kwa kulipeleka makumbusho. Zabuni inajua kununua prosesa, kiyoyozi, hata utepe wa kukata. Haina safu ya kumweka kijana mmoja anayejua kompaila, alipwe mshahara, akae na mashine hiyo mwaka mzima na kupokea simu za wanaoitumia. Mshahara wake kwa miaka mingi usingefika bei ya ile seva ambayo sasa inapata joto pale tu wapangaji wanapokompaili.

Basi ndugu msomaji, kama wewe ndiye unayelishika nenosiri, popote ulipo, iwe Njiro au Dodoma: amri ni “sudo apt install gfortran”. Iandike kabla ya chai ya saa nne.